Kazi, Wala Si Sadaka

Mtu mwenye njaa ya chakula huonekana kwa macho, na si kawaida apite milango mitatu katika nchi yetu bila ya kupewa japo kipande cha muhogo. Mwenye njaa ya kazi haonekani. Huvaa shati safi, hubeba bahasha yenye vyeti vyake, hukaa katika benchi la ofisi tangu saa mbili asubuhi hata saa nane mchana, kisha hurudi kwake na bahasha ileile. Wapo watu wa namna mbili nchini Kenya ambao bahasha zao zimechakaa kuliko za wengine wote: watu wenye ulemavu, na watu ambao umri wao umeupita ule unaopendwa na waajiri. Nimekusudia kuwatetea. Siwaombei huruma, maana huruma wamepewa tele, nayo haijawalipia kodi ya nyumba hata mwezi mmoja. Nakusudia kuidai serikali na kuwadai waajiri deni lililoandikwa katika sheria zetu wenyewe.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Sisi tumelifanya neno hilo kuwa la kumkanya mtoto anayemcheka kiwete njiani, tukasahau kuwa ni neno la kila mtu. Henry Wanyoike wa Kikuyu alikuwa kijana mwenye mbio, na riziki yake aliipata katika ufundi wa viatu. Mwaka 1995 alilala usiku mmoja akiona. Kulipokucha, macho yake yalikuwa yamezimwa na kiharusi. Alikwenda Machakos, kwenye chuo cha ufundi cha wasioona, akafundishwa kufuma sweta. Kisha mwaka 2000 alisafiri mpaka Sydney katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, akashinda mbio za mita 5,000 huku akimkokota kiongozi wake aliyeishiwa nguvu karibu na mwisho. Nchi nzima ilipiga makofi, na ilistahili kupiga. Walakini makofi yale yana hatari yake. Yanatuzoeza kufikiri kwamba asiyeona sharti awe shujaa wa dunia ndipo ahesabiwe kuwa mtu. Mwenye macho mawili haambiwi alete nishani ya dhahabu kabla ya kuajiriwa kazi ya kupokea simu.

Na uzee, kwa upande wake, hauhitaji ajali wala ugonjwa. Ulemavu huenda ukakupita. Uzee ukikupita, basi ujue kaburi limekuwahi. Kwa hiyo nayaandika haya kwa wanafunzi, ambao aghalabu hawafikiri juu ya miaka 50, kama vile mimi nilivyokuwa siifikiri nilipokaa katika madawati yao.

Nitatoa mfano niliouona kwa macho yangu. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye hutembea kwa magongo tangu utotoni kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza. Alijifunza uhasibu, akafuzu, akapata vyeti vyake vyote. Ofisi moja ya Nairobi ilimwita kwa mahojiano saa tatu asubuhi, nami nikamsindikiza. Mahojiano yalikuwa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa mbovu, na karatasi ya kuomba radhi iliyobandikwa mlangoni mwake ilikuwa imegeuka rangi ya manjano kwa kukaa. Askari wa mlangoni, mzee mpole, akasema, “Pole sana, mwanangu. Ngoja nikutafutie vijana wakubebe.” Mwenzangu akamjibu, “Ahsante, baba, lakini sikuja kubebwa.” Akapanda. Vidato vilikuwa 72. Nilivihesabu kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kushika bahasha yake. Alifika juu jasho likimtiririka, amechelewa dakika kumi na moja, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa kwa nini amechelewa. La pili, atafikaje kazini kila siku. La tatu, kama amepata kuoa. Hapana aliyemwuliza neno juu ya uhasibu. Barua ya kumshukuru kwa kuomba kazi ilimfikia baada ya wiki mbili.

Sasa nataka msomaji aangalie jambo moja. Wale waliomhoji hawakuwa watu wabaya. Walimpa kiti, walimpa maji ya kunywa, mmoja wao alimpa hata nauli ya kurudia, naye akaikataa. Laiti wangalikuwa wakatili, dawa yao ingalikuwa nyepesi: tungaliwakemea, nao wangaliona haya. Lakini hawa walikuwa na moyo wa ihsani hasa, na moyo huo ndio uliowazuia kumwona mhasibu mbele yao, walimwona maskini. Ndiyo sababu nasema jambo hili haliwezi kuachiwa wema wa watu. Wema hutoa nauli. Sheria ndiyo inayoweza kutoa mshahara, ikiwa ni sheria ya kweli.

Je, sheria zetu ni za kweli? Hatukuanza jana. Jeshi la Wokovu lilianza kazi yake Thika mwaka 1946, na shule ya wasioona ya hapo ndiyo iliyotangulia nyingine zote za namna yake nchini. Mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, serikali iliunda kamati chini ya waziri Ngala Mwendwa ichunguze hali ya vilema, kama walivyoitwa siku zile, na mwaka 1968 ikatoa waraka rasmi nambari 5 juu ya kuwafundisha ufundi na kuwatafutia kazi. Mombasa, karakana za Bombolulu zilifunguliwa mwaka 1969; watu ambao jamaa zao walidhani hawafai ila kukaa kivulini wakawa wanafua mapambo, wanashona nguo na ngozi, wanachonga mbao, na bidhaa zao zikavuka bahari. Basi neno la kwamba watu hawa hawawezi kazi lilikwisha kujibiwa kabla wazazi wa wanafunzi wengi wanaosoma hapa hawajazaliwa. Yeyote anayelisema leo hana udhuru wa kutojua.

Lakini karakana ni chumba kimoja, na nchi ina vyumba vingi. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 2003 ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu na kuunda Baraza la Kitaifa la kuwaangalia. Wengi waliifurahia sheria hiyo, nami nilikuwa miongoni mwao, mpaka nilipoisoma. Kifungu cha 13 kilisema kwamba Baraza litajitahidi kupata asilimia 5 ya kazi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Litajitahidi! Mwanafunzi akiagizwa alipe karo, haandikiwi kwamba atajitahidi kulipa. Dereva haambiwi ajitahidi kusimama taa nyekundu inapowaka. Neno hilo “kujitahidi” huwekwa katika sheria na mtu ambaye amekwisha kufikiri namna ya kuomba radhi. Zaidi ya hayo, asilimia 5 yenyewe haikuwa ya kazi zote. Ilikuwa ya vibarua, ya kazi za dharura, na ya mikataba. Kazi ya kudumu, yenye kiinua mgongo mwisho wake, haikutajwa katika kifungu hicho.

Sheria hiyo ilikuwa na mambo mema pia, wala sitayaficha. Ilikataza kumbagua mtu katika ajira kwa sababu ya ulemavu wake. Iliweka kwamba mwajiri wa kampuni binafsi akimwajiri mtu mwenye ulemavu angeweza kuomba apunguziwe, katika kuhesabu kodi yake, robo ya mshahara anaomlipa mtu huyo. Na akitengeneza jengo lake ili mtu huyo aweze kuingia na kufanya kazi, nusu ya gharama ile. Ni msaada mkubwa. Lakini waajiri niliopata kuwauliza, nao si mmoja wala wawili, hawakuwa wamesikia habari yake. Serikali iliyoweza kutufahamisha sote, mpaka vijiji vya mwisho, siku ya mwisho ya kuandikisha laini za simu, haikushindwa kuwafahamisha hao kwa kukosa sauti.

Mfanyakazi mwenye ulemavu naye alipewa msamaha wa kodi, na kwa agizo la mwaka 2010 shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi hazikatwi. Vema. Lakini tazama njia ya kuufikia msamaha huo: kwanza hospitali ya serikali, apimwe na madaktari, kisha aandikishwe na Baraza, kisha watu wa kodi wampe cheti. Na cheti hicho kina mwisho. Muda wake ukiisha, mtu huanza tena. Mwenzangu yule wa magongo ameniambia kwamba haoni uchungu wa foleni kama anavyoona uchungu wa swali lililofichwa ndani ya foleni, yaani kama mguu wake umepona tangu walipomtazama mara ya mwisho.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuja na maneno mazito zaidi. Kifungu cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, lakini kikaongeza kwamba jambo hilo lifanywe hatua kwa hatua. Hatua hizo tumezitazama. Taarifa za Tume ya Utumishi wa Umma, mwaka baada ya mwaka, zimeonyesha kwamba watu wenye ulemavu katika utumishi wa serikali hawajafika hata nusu ya hiyo asilimia 5. Anayekwenda hatua kwa hatua kwa mwendo huo haendi. Anasimama huku akibadilisha mguu. Katiba hiyohiyo imeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hiyo ni fahari kubwa. Walakini nendeni katika ofisi yoyote ya wilaya na kiziwi anayetafuta kazi, mkaone ni nani atakayempokea kwa lugha hiyo rasmi.

Hapa niseme neno juu ya hesabu ya watu, kwa kuwa hesabu ndiyo mama wa fedha za serikali. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wenye ulemavu 1,330,312, asilimia 3.5 ya watu wote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu 916,692, asilimia 2.2. Kwa miaka kumi, katika nchi ambayo watu wake wameongezeka kwa mamilioni, watu wenye ulemavu wamepungua kwa zaidi ya 400,000. Je, wameponywa? La. Maswali ya sensa yalibadilishwa, na watoto walio chini ya miaka mitano wakaachwa nje ya hesabu hiyo. Wenye elimu ya takwimu wana sababu zao, wala sibishani nao. Lakini ninamjua mama mmoja huko kwetu ambaye siku ya kuhesabiwa alimfungia mwanawe chumba cha nyuma, akasema watoto wake ni watatu. Wa nne hayumo katika sensa ya 2009 wala ya 2019.

Mei 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Kampuni ya watu 20 itenge nafasi moja. Ya watu 400 itenge nafasi 20. Hesabu hii haimhitaji profesa. Tumetoka katika kujitahidi, tumeingia katika kutakiwa, na hiyo ni safari. Swali langu ni dogo: asipofanya, atafanywa nini, na nani, na lini?

Siulizi kwa ubishi. Naliuliza kwa kuwa Uingereza ilikwisha kupita njia hii kabla yetu. Mwaka 1944, vita vikiwa vinakaribia kwisha na askari wengi wakirudi bila mkono au bila mguu, Bunge lao lilipitisha sheria kwamba kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Sheria ilikaa nusu karne. Vibali vya kuikwepa vilitolewa kama njugu, mashtaka mahakamani yalikuwa haba mno, na ilipofika mwaka 1995 ikafutwa na nyingine ikawekwa badala yake. Tena sheria ile ilitenga kazi mbili ziwe za watu wenye ulemavu peke yao. Unazijua? Kuendesha lifti na kulinda maegesho ya magari. Mtu alipoteza mguu kwa ajili ya mfalme, naye mfalme akampa lifti. Wajerumani, kinyume chao, walifanya jambo la watu wanaojua hesabu: mwajiri asiyetimiza asilimia 5 hulipa fedha kila mwezi kwa kila nafasi aliyoiacha, na fedha hizo hutumiwa kuwawezesha watu wenye ulemavu kupata kazi na kudumu nazo. Sisemi kwamba Ujerumani kila mtu amepata kazi. Nasema kwamba huko kukataa kuna bei, na hapa kwetu kukataa kumekuwa bure kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa nigeukie wale wa pili, ambao nawaona wamesahauliwa zaidi, kwa sababu hawana hata baraza.

Fungueni Katiba, kifungu cha 260, mahali maneno yanapoelezwa. Kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Mzee ni mtu aliyepita miaka 60. Je, mtu wa miaka 50 ni nani? Katiba haina jina lake. Vijana wana hazina yao na wana sehemu yao katika zabuni za serikali. Wazee wana kifungu chao, cha 57, kinachotaka waishi kwa heshima na wapate matunzo. Mtu wa miaka 50 aliyefutwa kazi amesimama kati ya milango miwili, wa mbele umefungwa kwa kuwa amechelewa, wa nyuma umefungwa kwa kuwa amewahi.

Na wala asidhaniwe kuwa ni mvivu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Kabla yake viwanda vya nguo vilianguka katika miaka ya tisini, baada ya milango ya biashara kufunguliwa na mitumba kujaa sokoni. Rivatex ya Eldoret ilifungwa mwaka 1998, ikakaa mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Walioachishwa kazi hawakuwa wameharibu neno. Nilikaa siku moja na fundi mmoja aliyekuwa Webuye, ambaye alikuwa na miaka 47 kiwanda kiliposimama. Alikuwa akijua mashine yake kwa sauti tu. Akisikia inavyonguruma alijua ni kipi kilicholegea. Aliomba kazi katika kiwanda kimoja cha Thika. Kijana aliyempokea alimwita mzee kwa adabu zote, akamsifu, kisha akamwambia, “Mzee wangu, hapa tunataka wenye miaka isiyozidi 35. Wewe sasa pumzika.” Akaniuliza, “Nipumzike na nini?” Alikuwa na watoto wanne shuleni. Wawili waliacha masomo mwaka ule, na mmoja wao alikuwa amebakiza muhula mmoja afanye mtihani wa kidato cha nne.

Mtu anaweza kusema kwamba tangazo la namna hiyo ni kinyume cha sheria. Kinyume cha Katiba, naam, maana kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa umri. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo ndiyo sheria ya kila siku ya mwajiri na mwajiriwa, ilipoorodhesha mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu ilitaja rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu, mimba, hata virusi vya ukimwi. Umri haikuutaja. Walioiandika walikumbuka kila kitu isipokuwa kile ambacho hakika kingewapata wao wenyewe. Kwa hiyo fundi wetu, akitaka haki, akashitaki kwa Katiba. Na nani atamlipia wakili?

Najua jawabu litakalotolewa, na ni jawabu zito, wala si haki kulipita. Wataniambia: vijana wenyewe hawana kazi, nawe unawatetea wenye mvi? Kazi ni chache. Mzee ampishe kijana. Wengi wa wasomaji wangu ni vijana, na pengine moyoni wamekubaliana na neno hilo. Nawaomba wanisikilize. Kazi si viti vya matatu, kwamba huyu asipoondoka yule hakai. Fundi yule wa Webuye alipokuwa na mshahara, duka la jirani lilikuwa na mteja, mshonaji alikuwa na sare za kushona, na mwalimu alikuwa na wanafunzi waliolipa. Mshahara wake ulipokatika, hakuna kijana wa Webuye aliyepata kazi yake. Watoto wake ndio walioingia sokoni kushindana na vijana wengine wakiwa hawana cheti. Tena kijana anayeingia kiwandani hufundishwa na nani kuisikiliza mashine? Ujuzi wa namna ile haumo katika vitabu. Ukimwondoa fundi leo, umemwondoa na mwalimu wa kijana wa kesho. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, dunia nzima ikaja kumpiga picha, nasi tukajisifu kwamba elimu ya Kenya haina umri. Ajabu ya nchi inayomruhusu mtu kujifunza akiwa na miaka 84 na kumkataza kufanya kazi akiwa na 47!

Serikali, kwa watumishi wake yenyewe, imeonyesha kwamba inaelewa. Mwaka 2009 iliongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, na baadaye mtumishi mwenye ulemavu akaongezewa mpaka 65. Ikiwa mtu wa miaka 59 anafaa kukaa katika ofisi ya wizara, kwa nini yule wa 47 hafai kusimama kiwandani? Au nguvu za mtu hudumu zaidi katika utumishi wa serikali?

Lipo na jawabu la pili, la waajiri, kwamba watu hawa ni gharama. Jibu lake ni fupi. Njia ya mteremko kando ya ngazi ni simenti na mchanga. Lifti ya jengo lile nililolitaja ilikwisha kununuliwa. Ilihitaji fundi tu. Wanaodai kwamba hawana fedha za njia ya mteremko wamepata fedha za kupamba lango kwa mawe ya kung'aa.

Na lipo la tatu, ambalo husemwa na watu wa serikali kwa sauti ya upole: mbona tunawasaidia? Ni kweli. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, na watu wenye ulemavu mkali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Sisemi fedha hizo zifutwe, hasha; nimemwona bibi mmoja akizipokea, na mikono yake ilivyotetemeka sitaki mtu amnyang'anye. Lakini tugawanye. Shilingi 2,000 kwa siku 30 ni shilingi 66 na senti. Aliyepita 60 na hajafika 70 hazipati, na mtu mwenye ulemavu anayeweza kazi hazipati, wala hazihitaji angekuwa ameajiriwa. Msaada wa namna hii ni kwa asiyeweza. Tumeufanya kuwa kifuniko cha kutowaajiri wanaoweza.

Basi nataka nini? Nataka kwanza serikali ianze na nyumba yake. Wizara ambayo haijafika asilimia 5 isipewe kibali cha kuajiri mtu mwingine mpaka itakapoeleza mbele ya Bunge, kwa hesabu, ni lini itafika. Nataka mwajiri atakayeipuuza sheria ya mwaka 2025 alipe kila mwezi kwa kila nafasi, kama wafanyavyo Wajerumani, na fedha hizo zisiingie katika mfuko mkuu zikapotea humo, bali zitengeneze lifti, zinunue mashine za kuandikia nukta nundu, zilipe wakalimani wa lugha ya ishara. Nataka neno “umri” litiwe katika Sheria ya Ajira. Ni neno moja lenye herufi nne, na Bunge limepata kubadilisha sheria ndefu zaidi kwa usiku mmoja lilipotaka mwenyewe. Nataka vyuo vya ufundi vilivyojengwa karibu kila mahali vimfungulie mlango mtu wa miaka 50 aliyepotewa na kazi, ajifunze ufundi mpya bila karo kwa miezi sita, na mwajiri atakayemchukua apewe nafuu ileile ya kodi iliyowekwa kwa watu wenye ulemavu.

Nataka pia cheti cha aliyekatwa mguu kisiwe na mwisho.

Na hesabu zitangazwe. Utumishi wa umma hutoa taarifa yake, nasi tunaisoma na kuona aibu yetu. Kampuni kubwa hutangaza faida zao magazetini kila mwaka, ukurasa mzima, zikiwa na picha za wakurugenzi. Katika ukurasa huohuo pana nafasi ya mistari miwili: wafanyakazi wetu ni kadha wa kadha, wenye ulemavu ni kadha, waliopita miaka 50 ni kadha. Mwaka ujao nitaitafuta mistari hiyo katika gazeti, na mwenzangu yule, ambaye siku hizi anatunza hesabu za chama kimoja cha wakulima wa maziwa katika jengo lisilo na ghorofa, ameniahidi kwamba atanisaidia kuijumlisha.